Wale Wahindi wa Malindi mwaka 1498 walikuwa Wakristo kweli? Au mtu huona kile alicho na jina lake tu?

#1 Mtembezi_Malindi
Wakuu, salamu.

Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa mjini: nguzo ya Vasco da Gama, kile kikanisa cha Wareno, magofu ya Gede. Kuna jambo linanitafuna kila nikifika pale nguzoni, nimeona nilimwage hapa tulichambue.

Vasco da Gama alitia nanga Malindi machweo ya tarehe 14 Aprili 1498. Kesho yake ilikuwa Pasaka. Bandarini akakuta vyombo vinne vya Wahindi. Mmoja wa watu wake alikuwa akiandika shajara ya safari, na ndani yake akaandika kwamba vyombo vile ni vya Wakristo wa India. Wahindi wakapanda merikebuni, wakaonyeshwa picha ya Bi Mariamu chini ya msalaba, wakaanguka kifudifudi. Siku nyingine nahodha mkuu alipopita na mashua, wakafyatua mizinga, wakainua mikono na kupaza sauti: Kristo! Kristo!

Wanahistoria wengi wanashuku kwamba walikuwa wakisema Krishna, mungu wa Wahindu.

Mpaka hapo wengi mnaijua hadithi. Linalonitafuna ni hili: mwandishi yuleyule, katika shajara ileile, anasema watu hawa waliwaambia kwamba hawali nyama ya ng'ombe. Kaliandika kwa mkono wake, halafu akaendelea kuwaita Wakristo kama kwamba hakuandika kitu.

Madai yangu ni kwamba Mreno alitoka kwao na majina mawili ya watu wa mashariki: Mwislamu na Mkristo. Hawa si Waislamu, basi kazi imekwisha. Macho yaliona, masikio yalisikia, ila jina lilikuwa limeshahukumu. Na nadhani sisi sote tuko hivyo. Nani anabisha?

#2 Tuktuk_Bila_Breki
Nabisha. Mimi nikiwa barabarani sioni majina, naona abiria na asiye abiria. Asiye abiria kwangu ni ukuta tu.

Ngoja kwanza. Hiyo si ndiyo hoja yako? Basi naunga mkono.

#3 Mla_Mahamri
Nimetandika mkeka, chai ya tangawizi ipo. Endeleeni.

#4 BintiGede
Kaka Mtembezi, hoja tamu ila umeitazama kwa jicho moja. Rudi kwenye ile picha. Shajara inasema Wahindi hawakuanguka mara moja wakaenda zao. Muda wote Wareno walipokuwa hapa, waliendelea kuja kuomba mbele yake, wakileta karafuu na pilipili manga. Hiyo ni ibada ya kwao hasa: unakwenda mbele ya sura takatifu, unaitazama, unaiwekea ulichonacho. Na mama aliyempakata mwanawe si picha ngeni kwa Mhindi.

Kwa hiyo Mreno aliona Wakristo, na Mhindi naye akaona mungu wa kwao katika chombo cha wageni. Wote walifurahi. Mbona unamcheka Mreno peke yake?

Halafu, tukiwa bado Malindi: twiga. Mwaka 1414 twiga alifika kwa mfalme Yongle wa Uchina kutoka Bengali, na mwaka 1415 wajumbe wa Malindi wakapeleka wao. Kule hakuna aliyemjua mnyama huyu, lakini walikuwa na jina tayari, qilin: mnyama wa hadithi zao, mwenye mwili wa paa, mkia wa ng'ombe, na pembe iliyovaa nyama. Sasa mwangalie twiga kichwani. Vile vipembe vimevaa ngozi. Wakasema ndiye huyo, mshairi wa ikulu Shen Du akamtungia sifa, akachorwa picha. Hiyo ni sawa na Kristo na Krishna, ila imetokea miaka zaidi ya themanini kabla.

#5 Mwalimu_Kijivu
Dada Binti, hapo kwa twiga nakupinga. Qilin katika imani yao hujitokeza pale mfalme mwadilifu anapotawala. Yongle alimpindua mpwa wake mwaka 1402, mtoto wa nduguye. Mtu aliyeingia kwa njia hiyo anahitaji ishara kuliko mwingine yeyote. Ofisa wa ikulu aliyemtazama twiga akasema "qilin" hakuwa amefumbwa macho na lugha. Alijua mshahara wake unatoka wapi.

Na Mreno vilevile. Walipofika Calicut, bandari ya India, na kuulizwa wamefuata nini mbali hivyo, jibu lao lilikuwa: Wakristo na viungo. Mtu anayetafuta Wakristo kwa niaba ya mfalme wake atawapata. Hili ni jambo la haja, si la maneno.

#6 Mtembezi_Malindi
Mwalimu, haja nakubali ipo. Lakini ofisa wa Yongle alikuwa akizungumza mbele ya mfalme, anapiga pambio. Huyu wetu alikuwa akiandika shajara. Ukijidanganya kwa faida utaficha ushahidi, hutauandika. Yeye kauandika wa ng'ombe waziwazi. Ina maana hakuona kama ni ushahidi wa chochote.

Na huko huko Calicut waliingizwa hekaluni wakapiga magoti. Ukutani kuna sura zina meno yametokeza nje, mikono minne mitano. Wakaandika: watakatifu.

#7 Mwalimu_Kijivu
Sawa, ila malizia hadithi. Mwandishi wao wa baadaye, Castanheda, anasimulia kwamba mmoja wao, João de Sá, alipokuwa amepiga magoti akasema kama huyu ni shetani, basi yeye anamwabudu Mungu wa kweli. Vasco akacheka. Lugha ileile, dini ileile, majina yaleyale mawili, na bado jamaa alishtuka. Kama jina ndilo lililofunga macho, João alifunguliwa na nani?

#8 Ustadh_wa_Langoni
Assalaamu alaykum. Mada nzuri, Alhamdulillah.

Suala hili wanazuoni wetu wamelipigania zamani sana. Katika Suratul Baqara aya ya 31, Mwenyezi Mungu alimfundisha Adam majina yote, kisha akawaambia malaika wayataje, wakashindwa. Hapo wakagawanyika. Imam al-Ash'ari akashika kwamba asili ya lugha ni mafunzo kutoka kwa Mola. Abu Hashim wa kundi la Mu'tazila akasema la, ni makubaliano ya watu: hiki tukiite hivi, kile vile. Ibn Jinni, bingwa wa nahau aliyefariki mwaka 1002, aliyapima yote mawili na akawa anayumba kati.

Kwa msimamo wa kwanza, jina ni elimu, linamfungua mtu macho. Kwa wa pili, jina ni mkataba, na mkataba unaweza kuwa mbovu. Ndugu Mtembezi anazungumza kana kwamba jina ni pazia tupu. Malaika hawakuwa na pazia, na ndio walioshindwa.

#9 Tuktuk_Bila_Breki
Ustadh akiingia hata mimi nakaa vizuri kitini.

#10 Fundi_Mashine_Amu
Wandani, mimi si mtu wa vitabu, mimi ni fundi wa injini za boti hapa Amu, yaani Lamu. Nitasema nilionalo kwa mato yangu.

Pipa la petroli likiwa limeyaa, kila mtu hulikaa mbali. Hata mtoto hufukuzwa. Mafuta yakesha, watu huliita pipa tupu. Sasa lipindue ulaze ubavu uone: kuna mtu atalikalia, atatoa sigara, ataanza kupiga gumzo la mpira. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Pipa lililoyaa mafuta huwaka yuu tu penye mdomo. Hilo "tupu" limeyaa mvuke na hewa, na mvuke ukichanganyika na hewa ndio unaolipua. Neno tupu ndilo litakalotumaliza.

#11 Mwalimu_Kijivu
Fundi, kuna Mmarekani mmoja ungekaa naye baraza moja. Benjamin Lee Whorf alikuwa mkaguzi wa hatari za moto katika kampuni ya bima kule Hartford, na jioni akisoma lugha za Wahindi Wekundu. Mfano wake mashuhuri ni huohuo: mapipa matupu ya petroli, watu wanavuta sigara kando yake kwa sababu yameitwa matupu. Alifariki mwaka 1941. Kutoka kwenye mafaili ya bima akafika kwenye nadharia kwamba lugha ya mtu humchorea mipaka ya anachokifikiri.

Simaanishi nakubaliana naye. Naeleza tu kwamba uko na wenzako.

#12 Tuktuk_Bila_Breki
Mimi sioni lugha hapo. Mvuke hauonekani! Ungekuwa mwekundu nani angewasha kiberiti? Muiteni hilo pipa "simba mkali" na bado kuna kijana wa Malindi atalikalia, ilimradi haoni kitu ndani.

#13 Fundi_Mashine_Amu
Harufu je? Mvuke una harufu, na pua hazina lugha. Huinusa, na wangali hapo hapo wamekaa. Nijibu hilo.

#14 Mgeni_Juzi
Kuna makala nilisoma kwamba Waeskimo wana majina mia ya theluji ndiyo maana wanaiona tofauti na sisi.

#15 Mwalimu_Kijivu
Karibu, Mgeni. Hilo lina ndevu ndefu na mizizi mifupi. Mwanaanthropolojia Franz Boas mwaka 1911 alitaja mashina manne tu ya maneno ya theluji, akiwa anaeleza jambo jingine kabisa. Wengine wakawa wanaongeza kila wanaposimulia: saba, hamsini, mia.

Ushahidi wenye kichwa na miguu ni mdogo zaidi na kwangu unapendeza zaidi. Kirusi kina majina mawili ya lazima kwa buluu, moja la iliyoiva na moja la nyepesi. Mwaka 2007 watafiti waliwapa Warusi vipande vya rangi wachague kinachofanana. Pale vipande vilipoangukia pande mbili za mpaka wa majina, Warusi walitofautisha haraka zaidi. Waingereza hawakuwa na faida hiyo. Na Mrusi akipewa tarakimu za kukariri kimoyomoyo wakati huohuo, faida ikatoweka. Yaani jina lilikuwa likisaidia jicho kimyakimya, na ukilishughulisha linaacha kazi.

Lakini tunazungumzia sehemu ya sekunde. Hakuna Mwingereza aliyeshindwa kuona rangi. Kutoka hapo mpaka kumgeuza Mhindi kuwa Mkristo ni safari ndefu.

#16 Boriti_na_Pau
Habari zenu. Mimi nimekulia kwenye biashara ya miti, mikoko ya huku Lamu. Nina swali kwa wasomi: jina linatoka kwenye kitu au kwenye kazi?

Mtu wa mimea akiingia mkokoni anaona mkoko, mkandaa, muia, mchu. Anatazama jani, ua, mzizi. Mkataji anaona unene. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Mti uleule mmoja ukiwa mwembamba ni fito, ukiachwa ukanenepa ni pau, halafu boriti. Unahesabiwa kwa korja, miti ishirini. Babangu angesimama mbele ya miti mia akakwambia ina korja ngapi za boriti bila kugusa hata mmoja. Ukimuuliza una maua ya namna gani, anacheka.

Si kwamba maneno yalimfundisha kuona unene. Nyumba ya mawe ya Lamu ndiyo iliyomfundisha. Dari linabebwa na boriti, na upana wa chumba unafuata urefu wa boriti ndiyo maana vyumba vyetu vya zamani ni vyembamba na virefu. Kazi kwanza, jina baadaye.

Sasa wamekuja watu wa kaboni. Kule Gazi, Kwale, kuna mradi wa Mikoko Pamoja, wanauza hewa ya kaboni iliyozuiwa na mikoko. Wao hawaoni mkoko wala boriti. Wanaona tani. Silaumu, kijiji kinapata maji na vitabu vya shule. Ila ikaja marufuku ya kukata miti ya mwaka 2018, na mkataji wa huku ambaye jana alikuwa mfanyabiashara akaitwa mharibifu wa msitu. Mti haukubadilika hata jani.

#17 BintiGede
Post #16 inafaa kuwekewa fremu.

#18 Nahodha_Mstaafu
Nimewasoma wote. Vijana mnajua mengi, ila mnapenda sana maneno.

Baharini nimechukua wengi wasiojua kitu. Siku ya kwanza unamwonyesha kijana fungu la mchanga lilipo mlangoni hapo Shela, unamwambia tazama maji yanavyokunjika kule. Anatazama. Haoni. Unamwambia fungu hilo, jina lake fungu. Sasa ana jina na bado haoni! Anaitikia "naam, naam" apate kuachwa. Baada ya misimu, kusi likiwa limevuma na kaskazi limevuma, siku moja anavuta tanga kabla hujamwambia. Hapo ndipo ameona. Jina alikuwa nalo tangu siku ya kwanza, halikumfaa kitu.

Na vilevile chomboni hatusemi kulia na kushoto. Unasema joshini, upepo unapotoka, na demani, unapokwenda. Chombo kikigeuka, mtu aliyekaa joshini amekuwa demani bila kusogea. Mtu wa bara akisikia hivyo anadhani tumechanganyikiwa. Akishapigwa na foromali, ule mti wa tanga, mara moja, anaelewa bila darasa.

#19 Mwalimu_Kijivu
Mzee Nahodha, shikamoo. Kule Queensland, Australia, kuna watu wa Guugu Yimithirr ambao hata ndani ya nyumba hawasemi kulia wala kushoto, husema upande wa kaskazini wa sahani. Wanaopenda nadharia ya Whorf huwatumia hao, kwa kuwa wanaujua uelekeo wakati wote. Lakini swali lako linabaki palepale: ni lugha inayowalazimisha kufuata uelekeo, au maisha ya kutembea nchi wazi ndiyo yaliyoizaa lugha? Boriti naye anasema kazi kwanza.

Nami nakuuliza, mzee wangu: yule kijana angejua atazame wapi kama hukumwambia "tazama maji yanavyokunjika"? Hayo si maneno?

#20 Nahodha_Mstaafu
Marahaba. Ningeweza kumshika kichwa nikakigeuza. Wengine ndivyo walivyotufunza sisi.

#21 Kasri_la_Zamani
Kabla hamjafika mbali: mmesahau kwamba sultani wa Malindi ndiye aliyempa Vasco rubani, na rubani mwenyewe ni Ahmad ibn Majid, mwanamaji mkubwa wa Waarabu. Huyo angewaambia Wareno kuwa wale si Wakristo.

#22 Mtembezi_Malindi
Hapana, mkuu. Wageni huniambia hivyo kila wiki. Ibn Majid aliingizwa na Qutb al-Din al-Nahrawali wa Makka, aliyeandika karne ya 16, tena akasema alileweshwa. Msomi wa Kifaransa Gabriel Ferrand akalieneza katika karne ya 20. Maandishi ya Ibn Majid mwenyewe hayaungi mkono, na kufikia 1498 alikuwa mzee.

Lakini asante kwa kunikumbusha, maana rubani ananisaidia mimi. Shajara ya safari inasema walifurahi kupewa rubani Mkristo. Barros, mwanahistoria wa Kireno, akiandika baadaye, anasema alikuwa Mwislamu wa Gujarati aitwaye Malemo Cana. Malemo bila shaka ni maalim, cheo cha mjuzi wa njia za bahari, kwa hiyo hata jina hatulijui, tunajua kazi. Mtu mmoja, chombo kimoja, wamekaa naye zaidi ya wiki tatu baharini, na hatuna hakika hata dini yake. Alikuwa Mkristo pale walipotaka Wakristo, Mwislamu wa Gujarati kwa mwingine, Ibn Majid kwa wanaotaka shujaa.

#23 Kasri_la_Zamani
Mimi nimefundishwa hivyo shuleni na sibadilishi kwa posti moja.

#24 BintiGede
Na jambo jepesi zaidi hamjaligusa: mkalimani. Vasco alikuwa na Fernão Martins, aliyejua Kiarabu. Wahindi wale, shajara inasema, lugha yao si Kiarabu, ila baadhi yao walijua kidogo kwa sababu ya biashara. Basi Kireno kiingie Kiarabu cha Martins, kiingie Kiarabu cha sokoni cha baniani, kirudi. Ukiuliza kwa njia hiyo "mnamwamini Mungu aliyezaliwa na mama akaja duniani?", utapata jibu gani? Ndiyo. Ndiyo kabisa. Hapo hakuna falsafa, kuna laini mbovu.

Na sultani aliyekaa katikati anajua vyema nani ni nani, lakini ana ugomvi na Mombasa, anataka rafiki mwenye mizinga. Amsahihishe ili iweje?

#25 Mla_Mahamri
Swali la pembeni: nguva ni samaki?

#26 Nahodha_Mstaafu
Akiingia wavuni ni samaki.

#27 BintiGede
Ananyonyesha, anapumua hewa, na kwa ukoo yuko karibu na ndovu na pelele kuliko papa. Na ni haramu kisheria kumvua, Mla_Mahamri, kama ndiko unakoelekea.

#28 Mla_Mahamri
Niliuliza tu jamani.

#29 Mkazi_Bila_Hati
Nimekaa kimya nikisoma. Nyinyi mnajadili kama jina hubadilisha macho. Mimi naona mmekosa jambo kubwa zaidi: jina hubadilisha kitu chenyewe, likiwa na muhuri.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya hati za ardhi kwa ukanda huu wa pwani. Kila mwenye kudai ardhi aende adai, athibitishe, aandikiwe. Isiyodaiwa ni ya Taji la Uingereza. Karatasi iliijua ardhi ya mtu, yenye mpaka na mwenyewe mmoja. Sisi Wamijikenda ardhi ilikuwa ya ukoo. Unalima hapa, unapumzisha, unahamia pale, minazi ya babu inajulikana na kaburi linajulikana. Hilo halikuwa na kisanduku katika fomu. Wengi hawakudai, na waliodai kwa ukoo hawakusikilizwa. Wakalala wenyeji, wakaamka maskwota. Nchi ile, minazi ile, watu wale wale.

Nimezaliwa nyuma ya mji huu kwenye shamba ambalo bibi yangu alizaliwa. Niliwahi kwenda ofisi moja kuuliza, kijana akafungua ramani kwenye kompyuta, akaweka kidole, akaniambia hapa hakuna mtu. Nikamwambia hapo ulipoweka kidole ndipo lilipo jiko la mamangu. Akanitazama kwa huruma, nakiri hakuwa na kiburi, kisha akarudia: kwenye mfumo, hapa hakuna mtu.

Sasa, Mwalimu, niambie. Yule kijana hakuwa Whorf wala Vasco. Anaona mimi nimesimama mbele yake. Jina halijamfumba macho hata kidogo. Lakini polisi na tingatinga wakija, watafuata ramani, hawatafuata macho yake.

#30 Mtembezi_Malindi
Hii imenikalisha kitako.

#31 Mwalimu_Kijivu
Mkazi, pole, na hoja yako ni nzito. Ila ningeitenga. Wareno walikosea kuhusu kitu kilichokuwa hivyo bila wao: Mhindi alibaki Mhindu hata wakimwita vipi. Hati ya ardhi, noti, ndoa, mpaka wa kaunti, ni vitu ambavyo vipo kwa kuitwa. Pesa iliyo kwenye simu yako sasa hivi ni ujumbe tu, na ukienda dukani inakuwa unga. Tukichanganya aina hizi mbili tutazunguka.

#32 Mkazi_Bila_Hati
Zitenge wewe. Jiko la mamangu liko aina gani?

#33 Ustadh_wa_Langoni
Ndugu Mkazi, hapo umeirudia kauli ya Abu Hashim: makubaliano. Na makubaliano yasiyo na ridhaa ya upande mmoja, katika fiqhi, si makubaliano.

#34 Tuktuk_Bila_Breki
Tukizungumza makubaliano, mbona kila mwaka mwezi wa Idi unaonekana kwa wengine na kwa wengine hauonekani, na mbingu ni moja? Hapo ni macho, jina, au hesabu za kompyuta?

#35 Boriti_na_Pau
Mwezi wa kuonekana hapa hapa au hata wa nchi nyingine? Maana sisi...

#36 Msimamizi
Mwezi una uzi wake, una kurasa nyingi, na nusu ya waliochangia wamefungiwa. Hapa tusiulete. #34 na #35 nimeziacha kwa heshima tu.

#37 Fundi_Mashine_Amu
Bado nangoja mtu anijibu habari ya pua.

#38 Mwalimu_Kijivu
Fundi, nitajaribu. Harufu ya petroli gereji kwako iko kila mahali, kwa hiyo pua imeshazoea na haitoi tena onyo. Linalobaki kumwongoza mtu ni jina, na jina linasema tupu. Kwa hiyo Tuktuk ana nusu na wewe una nusu.

#39 Tuktuk_Bila_Breki
Mimi nusu sichukui. Nipe yote au uibaki nayo.

#40 Mgeni_Juzi
Nimesoma post ya kwanza na chache za mwisho. Nilitaka kuongezea tu kwamba Vasco da Gama aliongozwa na Ibn Majid kutoka Malindi, hivyo...

#41 Kasri_la_Zamani
Asante!

#42 Mtembezi_Malindi
#22, jamani. #22.

#43 BintiGede
Mzee Nahodha, kabla sijalala. Mwalimu kakuuliza kuhusu maneno, ukamkwepa na habari ya kushikwa kichwa. Mimi nauliza kinyume chake: kuna kitu baharini unakiona wazi na hakina jina? Kikiwepo, Mtembezi ameshindwa.

#44 Nahodha_Mstaafu
Kipo, binti. Kati ya visiwa vya Manda na Pate, mwanzo wa kaskazi, asubuhi kabla ya upepo wa matlai kukaza, kuna siku maji huwa na mafuta kama yamepakwa, na yakiwa hivyo mchana hutasafiri vizuri. Babangu alikuwa akiyaona, mimi nayaona. Hatukuyaita kitu. Alikuwa akinyoosha kidevu tu.

Ila mwanangu ninayemwachia chombo hayaoni, na yeye hutazama upepo kwenye simu. Nimefikiria mara nyingi niyape jina nimwachie.

#45 Mwalimu_Kijivu
Mzee, hiyo si inaelekea kuniunga mkono mimi?

#46 Fundi_Mashine_Amu
Siku maji yalipokuwa hivyo, simu ilimwambia nini?

#47 Nahodha_Mstaafu
Ilimwambia bahari shwari. Alirudi usiku, tanga limepasuka. Sijamuuliza zaidi, anajua mwenyewe.